Kwa Mlima, kuhusu hiyo pikapu ya Texas

Arua, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mlima,

Salamu kwanza. Huku tu wazima. Mama watoto anakusalimu, na yule wa mwisho uliyemwacha akitambaa sasa anadandia bodaboda kwenda shule bila hata kuaga. Mvua imekawia, na vumbi la Arua unalijua, linaingia mpaka kwenye chumvi.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule kijana wa basi. Niliisoma nikacheka, kisha nikaisoma tena bila kucheka. Kwa hiyo mpwa wako wa Texas ameahidi kukuletea pikapu ya Ford F-150 ya kubebea kahawa unayonunua huko mlimani Kapchorwa, na wewe unataka nikuambie jambo dogo tu: injini gani, na daraja gani la vifaa, XLT au Lariat. Ungemwuliza mtu wa Texas angekujibu kwa dakika mbili. Umeniuliza mimi, tuliyelala wote chini ya Land Cruiser moja kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi tukisubiri boliti kutoka Kampala, basi vumilia nikujibu kwa kurasa.

Nimheshimu mtoto kwanza, maana nia yake ni njema. F-150 za miaka hii ya karibuni zina injini za petroli za V6 (silinda sita) zenye turbo mbili, zile feni za kusukuma hewa ndani ya injini, lita 2.7 na lita 3.5, halafu V8 (silinda nane) ya lita 5.0 isiyo na turbo. Kati ya mwaka 2018 na 2021 iliuzwa pia dizeli ya V6 ya lita 3.0, na najua macho yako yataikimbilia hiyo. Isahau. Ile dizeli inataka kemikali ya kusafisha moshi kwenye tangi lake la pembeni, na isipoipata kompyuta inaanza kukunyima gari. Utaitafuta wapi ukiwa Bukwo saa mbili usiku? Kama lazima iwe F-150, kwa mlima wenu ningechukua ya 3.5, kwa sababu ina nguvu ya kuvuta newtonmita 678 na turbo haiogopi hewa nyepesi. Na mwambie aulize namba ya difu, zile gia za kwenye ekseli: 3.73 inavuta kuliko 3.31. Watu hulipia injini kubwa wakasahau difu, kisha wanashangaa gari linapanda kwa shida.

Sasa hizo daraja. Zinapanda kama ngazi: XL, XLT, Lariat, King Ranch, Platinum. Kila ngazi inaongeza ngozi, viti vinavyopashwa moto (Kapchorwa labda, lakini Arua!), paa la kioo, na skrini kubwa kama televisheni. Ila hivi vitu vina uzito, na uzito huo unakatwa kwenye mzigo wako. Mwambie mpwa afungue mlango wa dereva apige picha karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Pale wameandika watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kiasi gani. Kwenye XL utakuta namba ya kuridhisha. Kwenye zile za kifahari si ajabu ukakuta kilo 700 hivi. Dude lote lile, urefu wa karibu mita 5.9, na lishindwe na Hilux ya kabini moja iliyobeba matoke!

Na upana wake ni mita 2.03 bila vioo vya pembeni. Hebu liweke kichwani mwako kwenye ile kona ya Sipi, lori la saruji linashuka, na wewe usukani wako uko kushoto. Umeyaona magari ya Kongo yanavyoingia hapa kutoka Ariwara: dereva akitaka kupita lori lazima utingo atoe kichwa dirishani, aangalie, apige bodi mara mbili. Wewe utingo wako atakuwa nani, shemeji? Juu ya hayo, kabla mtoto hajalipa hata dola moja, waulizwe URA, watu wa ushuru, kuhusu usukani wa kushoto, na umri wa gari usisahaulike. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria kwamba gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe lisiingie nchini, kwa hiyo waulize sasa kikomo ni kipi.

Petroli nisiitaje sana. Wamarekani wenyewe wanaipimia ile V8 lita 12 na kitu kwa kilomita 100, barabara zao nzuri na gari tupu. Weka kahawa, weka mlima, fanya hesabu mwenyewe.

Haya, turudi nyumbani. Unakumbuka tulivyokuwa tukiisifu 1HZ, ile injini ya dizeli ya Land Cruiser? Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta, pampu ya mitambo tupu. Mimi bado naisifu. Kwa huku kwetu ningeinunua kesho ningepata pesa. Lakini siwezi kukupa wewe. Arua tuko kwenye mita 1,200 na kitu. Nyinyi Kapchorwa mmepita 1,800, na mashamba unayonunua kahawa yako juu zaidi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ile 1HZ yenye nguvu farasi 130 hivi, ikifika kwako imeshaacha njiani karibu moja ya tano. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, ndiyo maana yenyewe haipungui sana. Sisi tulipoisifu 1HZ tulikuwa tambarare. Injini nzuri ya Yumbe si lazima iwe injini nzuri ya Kapchorwa.

Kwa hiyo nakushauri Hilux ya dizeli, iwe ya kizazi kilichoanza mwaka 2015. Injini zake mpya ni mbili, 2.4 na 2.8, zote zina turbo, zote zina cheni ya taimingi badala ya belti ya kubadilishwa kila baada ya muda. Kila mtu atakuambia chukua 2.8. Msikilize halafu muulize: gia za mkono au otomatiki? Maana 2.8 ya otomatiki iliyoboreshwa mwaka 2020 inatoa newtonmita 500, hapo sawa, hiyo ni nyingine. Lakini 2.8 ya gia za mkono inatoa 420, na 2.4 ya gia sita inatoa 400. Unalipia pesa zote hizo kwa newtonmita 20! Wewe hukimbizani na mtu, unapanda kwa gia ya pili na kushuka kwa gia ya pili. Chukua 2.4 ya gia za mkono. Ukitoka Kapchorwa kuteremka Muyembe na magunia nyuma, injini ndiyo breki yako, na mguu utapumzika.

Isuzu D-Max ya lita 3.0 nayo siikatai. Ukiipata iliyotunzwa, nunua. Ford Ranger ina nguvu kweli, ila mimi nauliza spea zake ziko wapi karibu na wewe kabla sijauliza nguvu.

Sasa nikwambie kwa nini nakukataza zile Hilux za zamani kidogo, 3.0 D-4D, injini ya 1KD, ambazo najua zinauzwa Mbale kwa bei ya kuvutia. Hii sikukueleza kwenye simu kwa aibu.

Niliinunua moja kwenye mnada, ya mkuu wa ofisi fulani, nyeupe, safi, viti vya ngozi. Asubuhi ikiwa baridi ilikuwa inagonga, ko-ko-ko, kisha ikipata moto inanyamaza. Fundi mmoja mjini akasema nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya silinda. Akazitoa, akazisafisha, akazirudisha na washa zilezile za shaba, yaani pete za kuziba, zilizokuwa zimeshabanwa. Washa moja mpya ni ya bei ya soda, ndugu yangu. Ile ya zamani haizibi tena. Moshi wa moto wa silinda unapenya pembeni ya nozeli, unashuka kwenye oili, oili inageuka lami.

Miezi minne baadaye natoka Kampala, nimeshapita Karuma, naelekea Pakwach. Taa ya oili ikapepesa mara moja ikazima. Nikasema moyoni ni waya. (Wewe ungesimama. Najua.) Kilomita chache mbele ikawaka ikabaki, injini ikalia kama mtu anayekoroma, ikafunga. Nilikaa pale mpaka jioni, nyani wamepanga mstari kwenye ukingo wa lami wakinitazama kama wazee wa baraza, mmoja akapanda boneti akakaa kwa sababu ilikuwa na joto. Tulipokuja kuishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kile kichujio kidogo ambacho pampu inanyonyea oili kilikuwa kimezibwa na masizi meusi, mazito. Nilitia kucha nikakwangua, na yalikuwa magumu kama ukoko wa sufuria ya posho. Tone la oili halikuweza kupita. Krankishafti, ile shafti kuu ya injini, ikaungua. Viti vya ngozi vilibaki vizuri sana.

Basi ukiikuta 1KD ya bei ya kutupa, usiiwashe kwanza. Fungua kifuniko cha oili uingize kidole, utazame kwa ndani kama kuna utando mgumu mweusi. Na uulize belti ya taimingi ilibadilishwa lini, kwa sababu hiyo ina belti, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ni rahisi sana kuzimwa na mjanja.

Kuna mtego mwingine. Hizo Hilux za kisasa zinazoingia kutoka Uingereza, usukani ni kulia kama sisi, picha zinapendeza, na majina yao ni Active, Icon, Invincible, Invincible X. Zina chujio la moshi kwenye ekzosi. Chujio hilo linakusanya masizi, halafu linataka safari ndefu ya mwendo wa kasi lipate moto wa kuyachoma. Wewe safari zako ni za kupanda polepole kutoka kwa mkulima mmoja hadi mwingine, unasimama, unapima, injini inanguruma bure. Litaziba. Jambo la pili, kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi inakula chesisi kwa chini huku bodi juu inang'aa. Ukiweza, tafuta iliyouzwa mpya hapahapa kwetu, hata kama imechakaa kwa nje. Mikwaruzo ya bodi naijua, kutu ya chesisi siitaki.

Daraja nalo, usione haya kuchukua la chini. Unakumbuka Land Cruiser yetu, viti vya plastiki? Tulipombeba yule mama mjamzito usiku kwenda Yumbe, asubuhi viti tulivimwagia maji, tukavisugua kwa ufagio, tukaendelea na kazi. Gari la bosi lenye viti vya kitambaa lilinuka mwezi mzima kwa maziwa tu. Vioo vya kuzungusha kwa mkono havijawahi kunilaza njiani. Rimu za chuma ukizipinda kwenye jiwe, fundi anazinyoosha kwa nyundo. Zile za urembo zinapasuka. Tena chukua rimu ndogo na tairi nene, kwa sababu ule unene wa tairi ndio unaomeza mawe.

Ila kuna vitu vitatu nakuomba usivifanyie ubahili: kifaa cha kufunga difu ya nyuma ili magurudumu yote mawili yasukume pamoja, mifuko ya hewa, na ule mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza kwenye kona. Udongo wenu mwekundu ukinyeshewa ni sabuni. Kama daraja la chini halina hivyo, panda ngazi moja, lipa.

Kuhusu kabini, najua unataka mbili ili Jumapili familia ipande. Sawa, lakini hesabu nami. Magunia kumi ya kilo 60 ni 600. Watu watano wa kilo 70 ni 350. Tayari 950, na kabini mbili nyingi zinakomea hapo karibu na tani moja. Wewe umeandika magunia 15. Hapo aidha watu washuke, aidha magunia yashuke, au ununue kabini moja na mama apande matatu kwenda kanisani, na hilo umwambie wewe mwenyewe, mimi simo.

Mpwa usimvunje moyo. Mwombe pesa hiyohiyo ya kununua na kusafirisha F-150 aitume, atapata heshima yake yote, hata jina lake uliandike mlangoni ukitaka.

Ukipata Hilux ya kutazama, Mbale au Kampala, usitoe hata shilingi ya kushikia kabla hujanitumia picha. Nataka za chini: chesisi, difu, sampu, na ndani ya kifuniko cha oili. Za juu kapige na shemeji.

Na yule kijana wa basi akirudi, mpe kilo mbili za ile kahawa. Ya safari iliyopita mama watoto aliimaliza na wageni wake kabla sijaonja.

Ndugu yako,
Nailo