Nondo wa viwavijeshi vamizi

Wakulima wenzangu, habari za jioni. Yule nondo anayezunguka taa za nje siku hizi ndiye mzazi wa viwavijeshi vamizi, wale viwavi wanaotafuna mahindi yetu. Mabawa yakitandazwa ni sentimita 3 hadi 4 tu. Dume ana baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Jike ni kijivujivu, hana makuu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Afrika alionekana 2016, kwetu Kenya na Tanzania 2017, India 2018. Huruka usiku akibebwa na upepo, basi mpaka si kitu kwake.

Asubuhi geuzeni majani ya mahindi: mayai yako kwa mafungu, yamefunikwa na vumbivumbi kama ukungu. Yapondeni hapo hapo. Picha zileteni humu, ila zisiwe za giza kama za juzi, jamani!