Kwa mwanangu aliye Njoro, kuhusu mafundisho ya uongo

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba yako hajambo, mguu wake umepata nafuu, na wadogo zako wamefunga shule salama. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu wewe huwa unanijibu kabla sijamaliza sentensi.

Shangazi yako alinionyesha ujumbe uliomwandikia baada ya kukualika kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu mumewe. Ulimwambia kwamba huwezi kuketi mahali panapohubiriwa mafundisho ya uongo, na kwamba Legio Maria si kanisa bali ni dini ya mashetani. Alinipa simu nisome mwenyewe, kisha akaendelea kuchambua mrenda wake bila kusema neno.

Siandiki ili kuitetea Legio Maria. Siamini anachoamini shangazi yako, naye anajua, maana tumelijadili mara nyingi jikoni mwake. Kanisa lao lilijitenga na Kanisa Katoliki huku Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudensia Aoko, na waumini wake humwona Ondeto, aliyefariki mwaka wa 1991 na kuzikwa Got Kwer kule Migori, kuwa ndiye Masihi aliyewajia Waafrika akiwa na ngozi kama yao. Kwa maoni yangu wamekosea hapo, tena katika jambo kubwa, na yeyote akiniuliza nitamjibu hivyo. (Bado wanasali Kilatini, lugha ambayo Wakatoliki wenyewe wameiacha katika parokia nyingi, hata wakati mwingine najiuliza ni nani aliyemwacha mwenzake, lakini hilo tuliweke kando.) Kumwambia mtu kwamba amekosea ni jambo moja, na kumwambia kwamba anamtumikia shetani ni jambo jingine, nawe umelifikia hilo la pili bila kupitia la kwanza.

Ninachotaka kujua ni kipimo ulichotumia. Ulipokuja likizo ya Agosti ulinionyesha karatasi ya ushirika wenu yenye orodha ya dalili za walimu wa uongo, na ukaniachia niisome. Niliisoma yote. Imeandikwa humo kwamba yeyote anayefundisha kuwa ubatizo wa maji si wa lazima anawapoteza watu. Sasa fikiri, mwanangu. Mimi ni mtoto wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quakers. Tangu Marafiki walipofika Kaimosi mwaka wa 1902 hawajambatiza mtu kwa maji, wala hawaweki mkate na kikombe mezani, kwa kuwa wanaamini kwamba ubatizo ni kazi ya Roho ndani ya mtu. Bibi yako mzaa mama, aliyekufundisha sala yako ya kwanza, alizikwa bila kuguswa na maji hayo. Kwa karatasi ile, mimi na yeye tuko upande mmoja na shangazi yako. Je, uliliona hilo ulipokuwa ukinikabidhi, au ulifikiri orodha ile inawahusu wengine tu?

Wala haikuanza na ninyi. Marafiki wa kwanza, kule Uingereza katika karne ya 17, walifungwa jela kwa maelfu kwa ajili ya imani yao. Mmoja wao, James Nayler, aliingia mji wa Bristol mwaka wa 1656 akiwa juu ya farasi, wafuasi wake wakimwimbia "Mtakatifu, Mtakatifu" kama Yesu alivyoimbiwa alipoingia Yerusalemu. Alijitetea kwamba ilikuwa ishara tu ya Kristo aliye ndani ya kila mtu, lakini Bunge lilimhukumu kwa kukufuru: akapigwa viboko, ulimi wake ukatobolewa kwa chuma cha moto, na paji la uso wake likachomwa alama ya mkufuru. Marafiki wenzake, akiwamo George Fox, mwanzilishi wetu mwenyewe, walikuwa wamejitenga naye. Kila ninapokumbuka habari za Ondeto humkumbuka na Nayler pia, kwa sababu sisi nasi tulikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani kwetu, na hatukupenda watu waseme kwamba kanisa zima lilikuwa la wendawazimu.

Kisha ikaja zamu yetu ya kuhukumu. Mwaka wa 1927, kule kule Kaimosi, watu walianza kulia kwa sauti katika maombi, kuungama dhambi mbele ya wote na kunena kwa lugha, wakisema kwamba Roho amewashukia. Haukupita muda viongozi wa misheni na wazee wakaamua kwamba hayo hayakuwa mafundisho ya Marafiki, wakayapiga marufuku, na waliokataa kuyaacha wakatolewa nje. Hao ndio waliozaa makanisa ya Roho unayoyaona hadi leo Vihiga na Kakamega, yenye kanzu nyeupe na vilemba. Ukiyasikiliza mashtaka ya wazee wale dhidi yao utadhani unasikia mtu akiushutumu ushirika wako, kwa sababu ninyi nanyi mnalia, mnaungama na kunena kwa lugha kila Ijumaa usiku. Zakayo Kivuli naye alipotoka kwenye misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori mwaka wa 1942 na kuanzisha African Israel Church Nineveh, yenye ngoma na bendera, wengi walimwona mpotevu, ilhali mwaka wa 1975 kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Najua utanijibu kwamba wanadamu hugeuka ila Neno halibadiliki, na hapo sina ugomvi nawe. Tatizo langu ni kwamba Neno hilo hilo moja hushikwa na pande zote mbili. Chukua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya nne, ambapo mtume anawaonya waumini dhidi ya watakaowazuia watu wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula. Nimewasikia Waprotestanti wakiusoma mstari huo dhidi ya useja wa mapadri, nikawasikia wengine wakiwasomea Wasabato kwa sababu ya nyama ya nguruwe, na Msabato jirani yetu, ambaye ni mtu makini kuliko wengi wetu, ana majibu yake yaliyopangwa vizuri. Wote hao wanaamini Biblia. Hata Paulo, aliposimama mbele ya liwali Feliki kule Kaisaria, alishtakiwa kuwa kiongozi wa madhehebu potovu ya Wanazareti.

Babu yako mzaa baba alilipata jambo hili kwa uchungu. Alikuwa Mwanglikana na alikuwa na wake wawili. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth ulikuwa umeamua mwaka wa 1888 kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe maadamu anaendelea kuishi nao, na kwa waliokwisha kubatizwa, kama yeye, adhabu ya kawaida ilikuwa kuwekwa mbali na Meza ya Bwana. Alikaa benchi la nyuma miaka yote ya utu uzima wake, akilipa zaka, akifagia kanisa, na wenzake wakiinuka kwenda kupokea yeye hubaki ameshika kofia magotini. Mwaka wa 1988 maaskofu wa Lambeth waliamua tena: mtu wa namna hiyo anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake wanaoamini na watoto wao, mradi aahidi kutooa mwingine maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, na waumini wa mahali pale wakubali, tena asilazimishwe kumfukuza mke yeyote. Hapo katikati ilipita miaka 100. Baba yako bado hukasirika tukiyazungumza, na sioni sababu ya kumwambia asikasirike.

Lakini usinisome vibaya ukadhani nasema kila fundisho ni sawa na jingine. Nilipokuwa bado muuguzi, katika kliniki ya watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, alikuja mama mmoja ambaye kadi yake ilikuwa na mapengo ya miezi kadhaa. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilimkatiza kila neno. Alipofungua mkoba kutafuta leso niliona chupa ya soda iliyojazwa maji, imebandikwa karatasi yenye picha ya mhubiri akiwa ameinua mkono. Yalikuwa maji ya upako, na alikuwa ameyalipia kwa M-Pesa. Aliambiwa kwamba mtu aliyeombewa akiendelea kumeza dawa anamwita Mungu mwongo, na kwa kuwa alimpenda Mungu, alizitupa dawa zake chooni.

Mahubiri ya mtu yule nilikuwa nayajua, kwa sababu spika zake zilikuwa zikivuma masikioni mwetu kazini kila Jumamosi. Alifundisha Utatu, msalaba, ufufuo, ubatizo wa maji mengi na kurudi kwa Bwana. Ungempa ile karatasi yenu angepita maswali yote. Shangazi yako, ambaye hawezi kupita hata nusu, humeza vidonge vyake vya presha kila asubuhi mbele ya picha ya Bikira Maria, wala padri wake hajawahi kumkataza. Sisemi kwamba Legio hawana lawama, kwani wapo wagonjwa waliocheleweshwa kwenye maombi hadi hospitali ikashindwa kuwasaidia, na nimewahudumia baadhi yao. Ninachokuambia ni kwamba orodha yenu haina mahali pa kumweka mhubiri wa chupa, na orodha inayomkosa huyo ikamnasa mjane wa watu ina kasoro.

Mjomba wako hulimaliza suala hili kwa maneno machache: tazameni matunda, kama ilivyoandikwa katika Mathayo 7. Sikubaliani naye kikamilifu, kwa sababu ya Shakahola. Mwezi wa Aprili 2023, polisi walipoanza kuchimba katika msitu ule wa Kilifi, matunda yalionekana kweli, na idadi ya miili iliyofukuliwa ilipita 400. Mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayosema juu yake. Lakini mafundisho yanayohusishwa na vifo hivyo, kwamba watu wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, yalitangulia makaburi, na tangu mwaka wa 2017 Mackenzie alikuwa ameshakamatwa kwa madai ya kuwafundisha watoto kwamba shule ni mbaya. Anayesubiri matunda peke yake hufika na koleo mkononi. Kwa hiyo maneno nayo lazima yasikilizwe, na mimi huyasikiliza yale yanayomfungia mtu milango: usiende hospitali, usiwapeleke watoto shule, usizungumze na ndugu zako wasiookoka, usimuulize mtumishi wa Mungu maswali. Ukiyasikia hayo usijali kama mhubiri anabatiza kwa kijiko au kwa ziwa zima la Victoria. Ondoka, na umtoe na mwenzako.

Baada ya msiba ule Rais aliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nalo likakabidhi ripoti mwaka wa 2024, na tangu hapo watu wanabishana kama serikali iwapige msasa wahubiri. Kuhusu fedha, watoto na afya, iwapige msasa bila huruma. Kuhusu imani yenyewe ninaogopa, na hofu yangu ina historia hapa kwetu magharibi. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, kule Kimilili, ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka wa 1948, na serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena mwaka wa 1968, na mara zote mbili kilichowasumbua watawala kilikuwa siasa yake kuliko teolojia. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya serikali, na Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani. Uhuru huo ndio unaowaruhusu ninyi kukesha Ijumaa.

Sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza, mpigie shangazi yako simu. Sikuambii umwambie kwamba unakubaliana naye, maana utakuwa unadanganya naye atajua. Mwambie ni fundisho gani hasa unalolikataa na kwa nini, kisha umwache naye aseme. Alisoma katekisimu kwa mapadri kabla hajahamia Legio, na huenda ukakuta anaijua Biblia kuliko kiongozi wa ushirika wenu. Ibada bado haijapangwa siku, kwa hiyo nafasi ya kuja ungali nayo. Ukija utavua viatu kama wao, na hutalazimishwa kusema sala yoyote.

La pili, nataka jibu lako juu ya ubatizo wa bibi yako na wangu, kwa maandishi, kabla hujaja likizo ya Desemba. Mchungaji wenu akipenda kujibu mwenyewe, mwambie aandike kwa Kiswahili na ataje mistari yake, nitaisoma mmoja mmoja.

Pesa za kodi ya chumba nitatuma Jumatatu.

Mama yako