Jumamosi tunasoma ndege na miti

Hamjambo wazazi wenzangu. Likizo ya Agosti ndiyo hii. Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane maktaba ya Kaloleni, Nairobi, lile tawi la Maktaba ya McMillan. Kila mtoto aje na jani aliloliokota mwenyewe. Likiwa limetobolewa na viwavi ni bora zaidi, maana tutatafuta vitabuni ni nani aliyelila. Halafu tutasuka viota kwa nyasi kavu, kama afanyavyo ndege aitwaye kwera, yule dume, kwa mdomo wake. Mara iliyopita binti mmoja mwenye haya alisoma kurasa mbili kwa sauti, kidole kikifuata kila neno. Nilifurahi mno! Masweta tafadhali, asubuhi bado kuna baridi. Mnaoweza kuwasomea wadogo, nijulisheni leo.