Walimu wa Yaeda wanahama kabla hawajawajua watoto

Ndugu Mhariri,

Kila ajira mpya za walimu zinapotangazwa, huku Mbulu tunaulizana: bonde la Yaeda wataletwa wangapi, na Krismasi itawakuta wangapi? Kijana anashuka kwenye lori siku ya mnada na godoro lake, anaripoti, anapokea fedha ya kujikimu, kisha anaanza kutafuta wa kubadilishana naye kituo. Wengine huja na cheti cha daktari mfukoni kabisa.

Siwalaumu sana, maana nyumba zile nimelala. Mvua ikikolea mbuga inajaa maji na barabara inakatika. Mwalimu wa kike mwenye mtoto mchanga anabaki kwenye chumba ambacho mlango wake hauna hata komeo. Posho ya mazingira magumu naiunga mkono, ila posho haiezeki bati.

Anayeumia ni mtoto wa Kihadzabe, jamii ya bondeni humu ya wawindaji na warina asali. Msimu wa asali au wa ubuyu ukifika, wazazi wanahamisha kambi na mtoto anaondoka nao. Mwalimu mgeni anamwandika mtoro kwenye rejista mstari mzima, halafu anatuma mgambo. Mgambo akishafika kambini, msahau mtoto huyo. Mwalimu aliyekaa miaka anajua kambi imeelekea wapi, anatuma salamu kwa mrina asali, na mtoto anarudi, pengine na asali ya mwalimu. Mambo hayo hayafundishwi chuoni, na kila uhamisho unayafuta.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana tuliomaliza la saba tulifundishwa ualimu vijijini, kwa redio na masomo ya posta, huku tumeshika chaki. Tulichekwa, na hesabu za darasa la sita zilitutoa jasho kweli. Lakini wengi tulibaki.

Leo wapo vijana wa Kihadzabe waliofika kidato cha nne. Halmashauri iwatafute kambi kwa kambi, iwalipie chuo, kisha wapangiwe kwao. Waliopungukiwa alama wapewe muda wa maandalizi, sisi tulipewa. Wanaotoka Moshi na Mwanza wakaribishwe, tena sana, ila nyumba iwe imekamilika, komeo likiwemo, kabla barua ya kupangiwa kituo haijatoka.

Mwalimu mstaafu,
Mbulu, Manyara