Wanawake tunaowaruka tukisimulia safari za Wareno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua.

Makala kuhusu Wareno huchapishwa mara kwa mara, na mpangilio wake haubadiliki: Bartolomeu Dias anaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, mwaka 1488, Vasco da Gama anafika Mombasa na Malindi Aprili 1498, Francisco de Almeida anazishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Tarehe ni sahihi. Lakini msomaji akifika mwisho anaondoka akiamini kwamba safari zile zilikuwa shughuli ya wanaume watupu, tangu kuunda meli hadi kutia nanga. Sivyo ilivyokuwa, na ushahidi wameuacha Wareno wenyewe kwa maandishi yao.

Nianze na Dias. Alipoondoka Lisbon Agosti 1487 alikuwa na meli tatu, na humo walikuwamo wanawake wanne Waafrika waliotolewa pwani ya Guinea. Mwanahistoria João de Barros anaeleza kazi waliyopangiwa. Walivishwa vizuri, wakakabidhiwa sampuli za dhahabu, fedha na viungo, kisha wakawa wanashushwa ufukoni mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake. Walitakiwa waingie bara, waonyeshe zile sampuli, waeleze kwamba mfalme wa Ureno anatafuta vitu hivyo, na waeneze sifa zake hadi zimfikie Prester John, yule mfalme Mkristo ambaye Lisbon iliamini anatawala mahali fulani Afrika. Kwa nini wanawake? Barros haoni haya kutoa sababu: wanaume hawapigani vita na wanawake, kwa hiyo wasingedhuriwa.

Wa kwanza aliachwa Angra dos Ilhéus, wa pili Angra das Voltas, wa tatu akafia safarini. Wa nne aliachwa Angra dos Ilhéus de Santa Cruz, baada ya kuipita Rasi, pamoja na wanawake wawili wenyeji ambao mabaharia waliwakamata wakiokota kome ufukoni.

Tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Nahodha alibaki melini. Aliyeshuka peke yake na kifurushi cha sampuli, kwenye nchi ambayo Mreno hakuwahi kuikanyaga, ni mwanamke mateka. Na mpango wenyewe ulikuwa na kasoro kubwa. Mtu wa Guinea hana lugha moja na Wakhoi wa kusini, kama ambavyo Mswahili hawezi kuelewana nao kwa kusikia tu. Kipande cha dhahabu unaweza kukionyesha kwa ishara ya mkono, lakini habari za mfalme wa mbali na za Prester John huwezi. Majina ya wanawake hao Barros hakuyaandika, ilhali jina la nahodha hutahiniwa shuleni. Binafsi naona kwamba orodha yoyote ya watu waliotangulia kufika kusini mwa Afrika kwa safari za Wareno, ikiwaacha hao wanne, ina kosa la ukweli, na kosa hilo lisahihishwe kama tunavyosahihisha tarehe.

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba wanawake walikatazwa kupanda meli za India, basi hawakuwamo. Marufuku ilikuwapo kweli, ila ilitungwa kwa sababu walikuwa wakipanda. Mwaka 1524 Vasco da Gama aliondoka Lisbon na meli 14, safari yake ya mwisho, na kabla ya kung'oa nanga alitangaza kwamba mwanamke atakayeonekana melini atachapwa viboko hadharani, hata kama ana mume. Meli zikapitia Kisiwa cha Msumbiji, zikavuka hadi India. Gaspar Correia, aliyekuwa akiishi India wakati huo, anasimulia kwamba huko Goa wanawake watatu walikamatwa, na Gama akaamuru kila mmoja apigwe viboko 200. Watu wa heshima walimsihi na kutoa fedha ili waachwe, akakataa. Gama alikufa Cochin, kusini mwa India, tarehe 24 Desemba mwaka huohuo. Correia anaendelea kusema kwamba alipokuwa akikata roho aliagiza kila mmoja wa wanawake wale apewe reis (fedha ya Ureno) 100,000. Simulizi hii tunayo, na inamhusu nahodha maarufu kuliko wote, lakini huioni katika makala zetu.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo haina visa, nayo ndiyo iliyobeba safari zote: chakula na tanga.

Posho ya kawaida ya baharia kwenye njia ya India ilikuwa arrátel moja na robo tatu za biskuti kwa siku. Arrátel ni neno la Kiarabu, lilelile lililotupa sisi ratli; ya Ureno ilikuwa na gramu 459. Hiyo ni karibu gramu 800 kwa mtu. Chukua meli ya watu 500 na safari ya miezi sita: kilo 400 kwa siku, siku 180, jumla tani 72 za biskuti kwa meli moja, kwenda tu. Na kila mwaka ziliondoka meli kadhaa, zote kati ya Machi na Aprili ili ziwahi upepo wa kusi, kwa hiyo mkate huo wote ulipaswa kuwa tayari kwa wakati mmoja.

Mfalme alikuwa na tanuri zake Vale de Zebro, ng'ambo ya mto Tejo. Hata hivyo, katika miji ya Ureno kuoka mkate wa kuuza ilikuwa kazi ya wanawake, na mahitaji ya meli yaliwafikia wao pia. Biskuti ya meli si biskuti ya chai. Jina lake lina maana ya kitu kilichookwa mara mbili: unga wa ngano unakandwa, unaokwa kama mkate, kisha unarudishwa kwenye tanuri la moto mdogo hadi unyevu wote utoke. Mara ya pili ndiyo yenye mtihani. Moto ukiwa mkali kwa kuharakisha kazi, ganda la nje hukauka na kufunga unyevu ndani. Ukilivunja siku hiyo huoni kasoro. Likishashindiliwa kwenye ghala la chini ya meli, lenye joto na jasho la mbao, baada ya wiki chache linaota ukungu, na fukusi huingia pale palipolainika. Meli ikikwama bila upepo karibu na ikweta, jambo lililotokea mara nyingi, hapo ndipo uzembe wa tanuri la Lisbon ulipogeuka njaa katikati ya bahari. Kinyume chake pia ni kweli: kila aliyefika Malindi akiwa hai alifika kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na subira mbele ya tanuri.

Tanga ni vivyo hivyo. Vila do Conde, bandari ya kaskazini mwa Ureno, ilisifika kwa kitambaa cha matanga, na nyuzi zake zilisokotwa na kufumwa majumbani. Kitani hung'olewa, hulowekwa majini hadi gamba lilegee, hukaushwa, hupondwa, huchanwa kwa meno ya chuma, ndipo kikasokotwa. Kikilowekwa muda mfupi, nyuzi hazitengani na gamba. Kikizidishwa, nyuzi zinaoza na kukosa nguvu. Na uzi uliosokotwa kwa mkono usio na mazoea huwa mnene hapa na mwembamba pale, na upepo wa kusini mwa Rasi hupasua tanga palepale kwenye wembamba. Hayo ni maarifa, na mwenye maarifa hayo alikuwa mwanamke wa nyumbani kwake, anayelipwa kwa kipimo cha alichofuma.

Nyuma ya meli ilibaki sheria. Safari ya kwenda India na kurudi ilichukua karibu mwaka mmoja na nusu, mambo yakienda sawa. Kwa sheria ya Ureno mali ya wanandoa kwa kawaida ilikuwa ya wote wawili, nusu kwa nusu, na mume hakuweza kuuza nyumba wala shamba bila idhini ya mke. Kwa hiyo baharia makini, kabla ya kuondoka, alikwenda kwa karani wa hati na kumwandikia mkewe hati ya uwakili: apokee mshahara, adai madeni, akodishe, auze, ashtaki. Aliyesahau kufanya hivyo alimwacha mkewe amefungwa mikono, na wadai mlangoni. Shida kubwa zaidi ilikuwa mume akifia mbali. Habari zilichelewa, na hadi zithibitishwe kwa mashahidi mwanamke hakuwa mke wala mjane. Zikithibitishwa, alibaki na nusu yake na kusimamia mirathi, na wengi waliendeleza biashara: walikopesha, walinunua sehemu za meli, waliagiza bidhaa.

Yupo pia aliyefanya maamuzi ya juu kabisa. Dona Beatriz, mjane wa Infante (yaani mwana wa mfalme) Fernando aliyefariki mwaka 1470, alishika kwa niaba ya wanawe wadogo usimamizi wa Shirika la Kristo, shirika la kidini na kijeshi la Ureno, na wa visiwa vya Atlantiki. Mwaka 1474 aliigawa Terceira, mojawapo ya visiwa vya Azores, kuwa maeneo mawili ya utawala na kuteua manahodha wa kuyaongoza. Machi 1479 alikutana ana kwa ana huko Alcântara na mpwa wake, Malkia Isabel wa Castile (ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo), kujadili mwisho wa vita. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa mkataba wa Alcáçovas mwaka huohuo, ambao kwao Castile ilikubali kwamba biashara ya Guinea na njia ya kusini ni ya Ureno. Bila hapo, Dias asingekuwa na njia iliyo wazi miaka minane baadaye. Mwanawe wa mwisho, Manuel, ndiye mfalme aliyemtuma Vasco da Gama.

Wapo wanaosema wanawake hawa hawaandikwi kwa sababu kumbukumbu hazipo. Tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755 liliteketeza kweli hati za Casa da Índia, ofisi iliyosajili meli, mabaharia na mishahara. Lakini daftari za makarani wa hati katika bandari nyingine zilibaki. Anayefanya utafiti asitafute kwenye masimulizi ya vita. Atafute kwenye hati za uwakili, mikataba ya ndoa, wosia na kesi za mirathi, na ajue kwamba mwanamke mara nyingi ameandikwa "mke wa fulani" au "mjane wa fulani". Orodha iliyopangwa kwa majina ya waume itamficha, na anayepekua orodha bila kufungua hati yenyewe atarudi mikono mitupu.

Namalizia Mombasa, ingawa ni karne mbili baada ya Gama. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Mwishoni mwa Agosti 1697 maradhi na njaa vilikuwa vimewamaliza Wareno wote waliokuwa ndani. Ngome haikuanguka. Ilishikwa na Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50, hadi msaada ulipofika wiki chache baadaye. Hesabu mwenyewe: katika watu waliosimama juu ya kuta zile, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume wote kwa pamoja. Gazeti lako huchapisha picha ya ngome hiyo kila msimu wa watalii, na maelezo chini yake humtaja msanifu wake na mwaka 1593. Naomba safari ijayo maelezo hayo yaongezwe mstari mmoja wenye mwaka 1697 na idadi ya wanawake hao.

Wako,
Msomaji, Mombasa