Watafiti, pimeni kazi ya wodini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa watoto njiti hapa Tanga. Kila mwaka wanafunzi wa uzamili hutuletea madodoso, na maswali huwa yale yale: muuguzi ana uelewa gani, ana mtazamo gani, ameridhika na kazi? Tunajaza tukiwa zamu. Majibu hayarudi wodini.

Vijana hao nawaheshimu, tena wengine wamepitia mikononi mwangu. Lakini utafiti wa uuguzi umeshasogea mbele. Jarida la Nursing Research lilipoanza Marekani mwaka 1952, waliochunguzwa sana ni wauguzi wenyewe, masomo yao na ajira yao. Baadaye macho yakahamia kwa mgonjwa: maumivu yake, vidonda vya kulalia, usingizi wake. Mwaka 2002 Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, na wenzake walionyesha kuwa katika hospitali za jimbo la Pennsylvania huko huko, kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Utafiti wa namna hiyo ndio unaompa matroni hoja ya kuomba watumishi.

Hata sisi tumo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021. Watoto wa kilo 1 hadi gramu 1,799 waliowekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walifariki asilimia 12. Wale waliosubirishwa, asilimia 15.7. Ngozi kwa ngozi, na khanga ya kumfungia!

Sasa njooni wodini. Joto la Tanga la Februari mnalijua. Mama analowa jasho, anamfungua mtoto apate hewa, halafu usingizi unampitia. Kwenye faili tunaandika "kangaroo inaendelea", yaani mtoto bado yuko kifuani, ngozi kwa ngozi. Ni saa ngapi hasa mtoto amekaa kifuani? Hakuna anayehesabu. Mama aliyepasuliwa, ambaye kukaa tu ni maumivu, nani amshikie mtoto: bibi, au baba, ambaye mara nyingi tunamwacha mlangoni? Na akisharuhusiwa, akarudi Mkinga au Pangani kwenye maji ya kuchota na kuni, kifua kinaendelea au kinaishia kwenye daladala?

Walimu wa vyuo, nawaomba mwanafunzi akae nasi zamu nzima kabla hajachagua mada. Akimaliza, alete ukurasa mmoja wa Kiswahili tuubandike ofisini kwetu. Waganga wafawidhi nao wampe muuguzi mwenye swali zuri nafasi kwenye ratiba ya zamu, asifanye utafiti akiwa amechoka baada ya kazi.

Atakayeanza mwaka huu aanze na hizo saa za kifuani. Akishapata kibali cha maadili, aje zamu ya usiku. Mchana wageni ni wengi na akina mama hawatulii.

Muuguzi,
Makorora, Tanga