Barua ya wazi kwa mhusika wa barabara zetu: greda lije kabla ya mvua

Mheshimiwa shikamoo. Jina lako silitaji na ofisi yako naiacha, ukisoma utajijua mwenyewe, maana ninayoisemea ni ile barabara ya vumbi inayochepuka lami ya Masasi ukishaipita Mtama, ile inayoshuka bondeni. Mimi muuza samaki, nachukua mzigo Lindi mjini alfajiri naingia nao vijijini na kirikuu changu, na msimu wa mvua uliopita nimepata majanga matatu, yote matatu kwenye kipande hicho hicho ambacho ukisimama huku mwanzo unamwona mtu aliyeko kule mwisho.

La kwanza Desemba. Unajua mvua zetu huku hazina mambo ya vuli na masika kama Dar, zinaanza Novemba zinajikokota mpaka Aprili, na ndo wakati huo huo korosho zinatoka kwenye maghala ya vijijini, mafuso yanapita yamejaa magunia mpaka yanalia. Nafika pale kwenye kalavati penye mwembe, maji yametanda barabara nzima, yametulia rangi ya chai ya maziwa, bodaboda mbele yangu kapita pembeni fresh tu, nikasema aah haya maji ya kawaida. Gurudumu la kushoto mbele likazama, paa! Rimu imepinda, boljointi imechomoka, tairi limelala ubavu kama mguu uliovunjika. Ndoo nne za vibua niliziuza palepale barabarani kwa bei ya kutupa, wanakijiji siku ile walikula vizuri kwa kweli.

Januari nikasikia greda limekuja, nikafurahi kama mtoto. Kumbe bora lisingekuja. Mvua zilikuwa zimeshachanganya, lenyewe likakwangua ile moramu kidogo iliyobaki likaisukumia pembeni, katikati ukabaki mfinyanzi mtupu. Usiku ikanyesha, asubuhi nashuka bonde gia namba moja, breki sijagusa kabisa, gari likaanza kwenda kiubavuubavu, taratibu tu, yaani ungeweza kulipita kwa miguu, stelingi nakata kulia lenyewe linakwenda kushoto, utingo wangu akafungua mlango akaruka akaniacha peke yangu (tumeshaongea hilo, yameisha), likaenda kulalia mkorosho wa watu. Tawi likakatika, mwenyewe akaja juu, nikamlipa kwa samaki. Na nisiwe mnafiki mheshimiwa, tairi za nyuma zilikuwa vipara, hiyo ni yangu siyo yako, ila nyuma yangu ilikuja Noah ina tairi mpya na ikalala palepale.

Utingo alirekodi video, nikamrushia shemeji yangu yuko Montreal kule Kanada. Akacheka weee, akanirushia ya kwao, magari yanateleza kwenye barafu mlimani moja baada ya jingine yanagongana polepole vilevile kama langu, kila dereva anakanyaga breki na gari halina habari naye. Nikamuuliza sasa nyie mnaishije, akasema barafu wameizoea, serikali ya Quebec, jimbo lao, imewalazimisha kufunga tairi za baridi kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15, na wakisikia theluji inakuja malori yanatoka yanamwaga chumvi barabarani kabla haijaganda, maana maji yenye chumvi yanachelewa kuganda, na baridi ikizidi sana chumvi haifui dafu wanamwaga mchanga. Chumvi mheshimiwa! Huku Lindi tunaivuna wenyewe na hatuna barafu ya kuimwagia. Lakini neno lililoniingia ni lile la kabla. Wao wanajua Desemba inakuja, sisi Novemba inatushtukiza kila mwaka kama mgeni asiyepiga simu.

La tatu ndo limenimaliza. Mwezi wa tatu, kalavati lilelile, safari hii maji yamepanda kuliko Desemba kwa sababu mdomo wa kalavati ulikuwa umeziba kwa mchanga na magogo, maji hayana pa kupita zaidi ya juu ya barabara. Nikangoja saa nzima, samaki wanaanza kulainika, nikajilipua. Injini ya kirikuu iko chini ya makalio yetu, katikati ya maji likakohoa mara mbili likazima. Fundi kanifafanulia vizuri, maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikiyakuta mule ndani kitu kitakachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaosukuma pistoni, na imepinda kweli, ameniwekea mezani nikaiona. Gari liko juu ya mawe mpaka leo na mimi nakodi bodaboda, samaki nabeba ndoo mbili.

Sikulaumu kwa kila kitu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara ya Dar kule Somanga hakuna aliyetafuta mchawi, ile ilikuwa nguvu ya Mungu. Hili la kwetu lina mdomo wa kalavati na tarehe ya greda basi. Greda likija mwezi wa kumi, ardhi ikiwa kavu, moramu ikamwagwa ikashindiliwa, mafuso yenyewe yanaigandamiza. Likija Januari linatuchimbia bwawa, na mafuta ya greda ni yaleyale.

Leo mwezi wa tisa. Jana nimepita na bodaboda nikachungulia, mchanga bado umejaa mdomoni na juu yake pameota majani, mbuzi wanakula. Vijana wanne asubuhi moja wanazibua, mwenyekiti wa kijiji anasema bila ruhusa yenu hagusi mtu. Tupe hiyo ruhusa mheshimiwa, hata kwa simu. Sururu mbili ninazo mimi, koleo tutaazima.

Muuza samaki, Lindi